Ushuhuda usio na aleluya

Alhamisi, Februari 2015

Naiogopa Jumapili. Pasta amesema nitoe ushuhuda, vile tulikimbia vita.

Leo yaya Neema, dada yangu anayesoma koleji, alinichukua kazini, mji wa Shakopee, na gari. Nikamwambia. Akasema kuna mzee Mjapani, maisha yake yote anachambua vitabu. Huyo anasema siri za moyoni hazitangulii kuungama. Desturi ya kuungama ndiyo inazitengeneza.

"Basi mimi ndani sina kitu?"

"Unacho, mdogo wangu! Ila kanisa limeshakupangia namna ya kukisema."

Kweli. Kwetu ushuhuda unaanza na risasi, unaisha na ndege ya kutuleta huku ugenini, watu wanapiga aleluya. Mama tulimzika msituni. Hakuona ndege.

Jumapili nitasimama. Nitataja jina lake, halafu nikae.