Mtungi Unaamkiwa Shikamoo

Esta, nimekwisha! Ile picha niliyonunua kwa mchoraji wa Lushoto, mtungi na mapeasi, vyote kavichora pembepembe, leo mama mkwe kaiona ukutani. Kapiga goti. Kaiambia shikamoo!

Ati mtungi ni baba yake. Mabega yale yale.

Nikamwambia, "Mama, ni mtungi tu."

Akanijibu, "Picha yake pekee ilipotea tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, sabini na nne. Leo nimempata."

Sasa wanangu wanaamkia mtungi. Mtungi, Esta! Mume wangu naye kaamkia, huku ananikonyeza!

Nikainuka niishushe. Mama kanishika mkono: "Walimhamisha mara moja tu, hakumaliza mwaka. Usimhamishe tena."

Nimeiacha. Na mimi nimeamkia.