Uvimbe Niliouita Fundo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie maana moyo umenielemea. Mimi ni mkandaji, nina chumba changu nyuma ya saluni, kitanda kimoja na taulo sita, na miaka yote mama mkwe alikuwa akisema mwanawe kaoa mtu wa kupapasa watu, mpaka mwaka huu bega likamkamata akaja kwangu, nikamkanda, likaachia, na tangu hapo kila jirani anaambiwa, "Mkamwana wangu ana mikono ya dawa," na mimi, sikufichi, nililewa sifa. Sasa miezi mitatu iliyopita, nikimnyoosha mkono, niligusa kitu kwapani, kigumu, hakiumi, hakisogei, akaniuliza, "Nini hicho, mwanangu?" nikamjibu haraka, "Fundo tu la uchovu, mama, litalainika," maana sisi kila kigumu tunakiita fundo, lakini halijalainika, limekua, mama naye sketi anazifunga kwa pini na anafurahi kwamba kapungua, na kila Alhamisi akija nimkande napitisha mafuta pembeni kama sikuona. Nikisema leo nitaonekana mwongo. Nifanyeje?

Mkamwana mwenye hofu

Mkamwana,

Marahaba. Pole, na sasa kaa vizuri nikuseme. Unachoogopa ni kushushwa cheo na mama mkwe. Kutojua si kosa. Hata daktari hajui kwa kugusa tu, ndiyo maana ana vipimo. Kosa lako ni kutoa jibu usilokuwa nalo, kisha ukalilinda miezi mitatu. Uvimbe mgumu usiosogea, unaokua, na mtu anakonda bila kujinyima chakula, huo si wa kusubiri Alhamisi nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaficha yasiyo hata yako!

Usimtajie jina la ugonjwa, hulijui. Usimtulize pia, umeshamtuliza vya kutosha. Usimkande tena. Leo mwambie mumeo. Kesho asubuhi usifungue chumba, nenda kwa mama useme hivi: "Mama, nilikosea. Ule uvimbe siujui, na si wa mikono yangu. Vaa twende hospitali." Ingia naye kwa daktari, ueleze uligusa nini, kwapa lipi, tangu lini. Na kuanzia sasa, mteja akikuuliza usichokijua, mjibu hujui, umwelekeze hospitali.

Atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Mwambie ukweli wote, bila kujipaka mafuta. Atanuna, huenda mwaka mzima. Omba sana anune mwaka mzima, na mwingine.