Wamekosa Mafuta Tumboni Kwangu

Shoga, nimeaibika mpaka basi.

Si nilikwambia leo wangenitoa mafuta tumboni, wachuje zile seli shina zinazoponya, wanichome sindano pajani ili msuli uliochanika upone nirudi kwenye mashindano ya mbio?

Daktari kanibana tumbo, kabana tena. "Binti, mafuta yenyewe yako wapi?"

Mama akadakia, "Chukua yangu, mimi ninayo ya kugawa!" Manesi wakacheka. Daktari akasema lazima yawe ya kwangu, basi haiwezekani. "Kwani anakula huyu?"

"Anamaliza sahani," Mama akasema.

Anamaliza sahani! Nilikuwa nakimwaga chakula kwa siri, shoga, ili niwe mwepesi.

Nikasema ukweli palepale.

Mama hakunifokea. Aliinama akanivalisha viatu. "Nisamehe mwanangu, sikuona."

Yeye ndiye kaniomba msamaha. Yeye!