Mtani wa Meneja

Mume wangu Hamisi,

Hapa Nachingwea tu wazima. Mama yako mdogo kavuna ufuta wa kutosha, na mimi tangu nistaafu chuoni nafundisha kuku, nao hawasikii.

Unasema tangu upewe umeneja, kikaoni wote wanaitikia "sawa bosi" kisha hawafanyi. Unauliza nami nilianzaje kusomea mazungumzo ya kazini.

Nilianzia ghala la korosho, Ruangwa, nikiwa karani msichana. Meneja alipanga magunia chini ya bati linalovuja. Sote tuliona, tukasema sawa. Lakini mfagiaji, Bi Somoe, alikuwa mtani wake. Kikao kikiendelea mle ghalani, akafungua mwavuli juu ya gunia: "Pole korosho, mwenyewe kalala!" Meneja akacheka mpaka machozi, na magunia yakahamishwa siku ileile. Tangu hapo, kila ofisi niliyoichunguza nilimtafuta kwanza Bi Somoe wake.

Sasa, bibi ni mtani wa mjukuu, kwa hiyo usinune. Ujumbe wako wa sauti ulikuwa wa dakika kumi na nane, na swali umeliweka mwishoni. Huenda wenzio bado wanasubiri umalize.

Mkeo wa kwanza,
Bibi