Waliuanika Utando wa Guyo

Jumamosi, Wabera. Vumbi tangu asubuhi, na nina hasira mpaka chai imenishinda.

Bado nasikia raha kuandika "mume wangu". Mume wangu Guyo! Wenzangu walichumbiwa kwa maneno matamu. Mimi nilichumbiwa kwa habari za kuchuja maji. Guyo ndiye anayeendesha mtambo mpya wa kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima cha kijiji cha Gotu. Ndani ya bomba kuna utando uliokunjwa kama mkeka, umetiwa chembe za nano, ndogo kuliko vumbi hili. Maji yanapita, chumvi inabaki nyuma. Alinieleza macho yaking'aa, nikampenda papo hapo.

Alinieleza pia kwamba utando ukishalowa haufai kukauka tena. Ukikauka, vitundu vyake vinajifunga.

Kamati nzima ya maji aliiambia hivyo hivyo.

Leo mgeni mkubwa alikuja kuufungua mtambo rasmi. Utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa, akina mama wakasogeza mitungi. Mgeni akafungua mfereji.

Matone.

Mwenyekiti wa kamati akacheka mbele ya umati. "Mheshimiwa, utuwie radhi. Huyu kijana ameoa juzi tu. Akili ameiacha Wabera kwa bibi harusi."

Watu wakaangua kicheko. Guyo wangu akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza, mtandio usoni, kwa sababu kwetu bibi harusi hainui sauti mbele ya wazee wa mumewe.

Mgeni alipoondoka, Mama Halima, mmoja wa wale akina mama wa mitungi, akatujia akitabasamu. Akasema juzi, Guyo alipokuwa mjini kutafuta vifaa, mwenyekiti aliwaamuru akina mama wautoe utando na kuusafisha.

"Tuliuosha vizuri, mwanangu. Tukauanika juani mpaka ukakauka kabisa, kisha tukaurudisha bombani."

Kama kibuyu cha maziwa! Tunakiosha, tunakianika, tunakifukiza moshi, maziwa hayaharibiki. Mama wa watu alifanya usafi anaoujua, simlaumu. Nashukuru hawakuufukiza.

Lakini mwenyekiti alikuwa ameonywa. Alitaka kitu cha kung'aa mbele ya mgeni, kisha akamtupia lawama mume wangu. Na mimi akanifanya kichekesho, mimi niliyekuja na henna bado mbichi mikononi!

Utando sasa umelowekwa majini kwenye beseni kubwa tulilopewa zawadi ya harusi. Guyo ameketi kando yake kama anayeuguza mgonjwa. Anasema huenda ukafunguka, huenda ndiyo basi. Ukikataa, Gotu wanarudi kunywa chumvi. Na kesho kuna mkutano wa kumtoa Guyo kazini.

Ananisihi niyaache yapite. Ana moyo mzuri mno, ndiyo maana nilimpenda.

Mama Halima amekubali kusimama kesho aseme nani alimtuma. Nitasimama kando yake. Mtandio nitaufunga vizuri.

Mdomo, hapana.