Chupa Ambayo Haikufika Maabara

Mama yangu,

Kuna jambo uliloniuliza kila wiki ulipokuwa hai, na kila wiki nikakudanganya. Majibu ya Dar hayakuchelewa. Hayakuwapo kabisa, kwa sababu chupa haikwenda.

Unakumbuka siku ulipotolewa uvimbe titini? Nilikukuta wodini umefungwa bandeji kifua kizima, midomo imekukauka, na bado unataka kucheka. "Mwaka huu nimevuna mapema, mwanangu," ukaniambia. "Korosho moja, lakini nene." Nami nikacheka. Nilikuwa nimemaliza shule juzi tu, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyeweza kusoma karatasi za hospitali. Ndiyo maana daktari aliniita mimi. Alinipa chupa, uvimbe wako ukiwa ndani ya dawa, jina lako limebandikwa ubavuni. Akasema, "Mimi nimekata tu. Nilichokikata ni nini, atajua mtu wa maabara huko Dar. Ifikishe ofisi ya ndege kabla ya saa nane."

Sikufika. Mjomba alikuwa ananingoja getini. Kaka yako unamjua, neno lake kwetu lilikuwa la mwisho, na hata baba alinyamaza mbele yake.

"Nyama ya ntu haipandi ndege," akasema. "Inazikwa. Unataka dada yangu afufuliwe nusu?"

Nikamwambia daktari anangoja majibu.

"Daktari ana ukoo hapa?"

Nikampa. Wala hakuninyang'anya, mama. Nilimpa kwa mikono miwili, nimepiga goti, kama ulivyonifundisha. Akaizika shambani kwetu, chini ya mkorosho wa mpakani, na jembe nilishika mimi.

Kidonda kikapona, ukarudi kwenye muhogo wako. "Dar wamesemaje?" "Bado, mama." Daktari naye akiniuliza, namwambia nilipeleka. Aliwaandikia watu wa maabara barua mbili za kuwalaumu, nami nikatikisa kichwa pamoja naye, eti wazembe hao. Mjomba kimya. Tulikuwa watu wenye adabu sana.

Kisha yakaja malori ya kutuhamishia kijiji cha ujamaa, mikorosho tukaiacha nyuma. Ni huko, katika kibanda ambacho udongo wake ulikuwa haujakauka, uliponishika mkono ukaupeleka kwapani mwako. "Nyingine hiyo," ukasema. Safari hii hukucheka.

Nilipokurudisha kwa daktari, hakukasirika. Alisema tu kwamba angejua mapema kuwa ni kansa, angeliondoa titi lote na kukupeleka Dar ukachomwe mionzi. Sasa ilikuwa imeshatembea. Alipokuwa akisema hayo hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Kama ulijua, sijui, na sasa sina wa kumuuliza.

Namchukia mjomba. Nimejaribu kumsamehe kwa sababu ya dini na kwa sababu ya watu, imeshindikana. Alipokufa nilipika msibani, nikaosha masufuria, sikulia. Ila yule msichana aliyepiga goti ndiye ninayemchukia zaidi, kwa sababu yeye alisoma karatasi.

Nimekuwa muuguzi, mama. Chupa za upasuaji nazipeleka mwenyewe, ndugu wa mgonjwa simpi hata aje na shehe. Na nimejifunza jambo ambalo linanichoma kuliko yote: maabara inatosheka na kipande kidogo, kama punje ya mchele. Kingine chote tungeweza kupewa tukakizika kwa heshima zote. Ilikuwa kumwomba daktari tu. Mjomba angepata kaburi lake, na wewe ungepata majibu yako. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwetu mtoto hamjibu mjomba, na mjomba hamuulizi mgeni.

Tulikuzika kijiji kipya, mwendo wa siku nzima kutoka shamba la zamani. Mwaka jana nilikwenda kule na jembe, nikitaka kukuletea kile kilichobaki. Nilikuta vichaka vitupu. Mkorosho wa mpakani sikuutambua, maana hata mpaka haupo. Nilichimba mahali patatu, nikarudi na mikono mitupu.

Mjomba alitaka uzikwe mzima.

Lala, mama. Swali lako nimelijibu.

Binti yako mkubwa, yule uliyemwamini kwa sababu amesoma.