Kola ya Mwenyekiti

Kaka mpendwa,

Huku hatujambo, ila paka wako amezaa tena juu ya shuka za wateja.

Laiti ungemwona mama siku ya Jumanne! Alikwenda kwenye kamati ya bunge kuupinga ule mswada wa kuviondolea viwanda sharti la kuchuja moshi. Mawakili wa viwanda waliapa kwamba hewa yetu ni safi. Zamu yake ilipofika, hakuwa hata na karatasi. Dobi ni dobi. Alimtazama mwenyekiti, akasema, "Mheshimiwa mwanangu, shati hilo nililifua jana kwa mikono hii, nawe umelivaa leo asubuhi. Hebu geuza kola tuione."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akaigeuza huku akicheka. Ilikuwa nyeusi ti.

"Kola nitakufulia tena," mama akasema. "Mapafu yetu nani atayafua?"

Kura ni Ijumaa. Amenikataza nisikuandikie habari ya kifua chake, kwa hiyo sikuandikii. Ila kwenye ngazi za ukumbi alisimama mara nne, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndala.

Mdogo wako, mpiga pasi